Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Handeni na Korogwe katika Kalamu za Watafiti

Ziko nchi ambazo hakuna aliyezitia wino, na ziko nchi zilizotiwa wino mwingi ambao wenyewe hawajapata kuusoma. Handeni na Korogwe, wilaya mbili za Mkoa wa Tanga, ni katika hizi za pili. Kwa zaidi ya karne moja ardhi ile iliyo baina ya milima ya Nguu, bonde la mto Pangani na safu ya Usambara imeandikwa na mwanahistoria, na mwanaisimu, na daktari wa malaria, na mwalimu anayetafuta shahada ya pili. Kila mmoja amekwenda na daftari tupu na kurudi nalo limejaa. Makala haya yanakusudia kuyasoma maandishi hayo kama tunavyosoma diwani au riwaya: kwa kuuliza nani anasema, anasema kwa lugha gani, na anayesikiliza yuko wapi. Utafiti nao ni maandishi, na maandishi yote yana haki ya kuhakikiwa.

Wahenga walituachia kipimo: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni akifika, kuku huchinjwa, na mwenyeji aliyekuwa akilalia mboga hupata naye kitoweo. Hatumlaumu mtafiti kwa kuwa mgeni, kwani mgeni huona ambalo mwenyeji amelizoea hata halioni tena. Tunauliza tu: baada ya ugeni huu wote, mwenyeji amepona?

Kitabu cha kwanza kinachostahiki kutajwa kiliandikwa kwa Kiswahili. Nacho ni Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi bin Ali lAjjemy, mtu wa pwani aliyeishi miongoni mwa watawala wa Usambara zama za Semboja wa Mazinde, mahali ambapo leo pamo katika wilaya ya Korogwe. Kilichapwa na misheni ya UMCA huko Magila, sehemu kwa sehemu, kati ya 1895 na 1907, na mwaka 1962 kikatolewa upya na East African Literature Bureau chini ya uhariri wa J. W. T. Allen. Kisa chake kikuu kinajulikana: Mbega, mwindaji wa Nguu, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza na kwa hivyo akahesabiwa kigego, anakimbia kwao, anavuka nyika, anapanda milima, anaua nguruwe walioharibu mashamba, anagawa nyama, na mwisho anafanywa mfalme huko Vuga.

Ubora wa kitabu hiki hauko katika usahihi wa tarehe, kwani tarehe ni chache. Uko katika sauti. Mwandishi anajua kwamba ana wasikilizaji mbele yake, na anajua kwamba baadhi yao ni wajukuu wa watu anaowataja. Kwa sababu hiyo watu wake husemezana, hujadiliana, huweka masharti na kuapizana. Hoja ya kisiasa haielezwi na msimulizi, inatoka vinywani mwa wanaohusika nayo. Nathari ya Kiswahili ya miaka ile ilikwisha kubeba kazi ambayo leo tunaambiwa haiiwezi: kuandika historia ya dola, nasaba, vita na sheria, bila ya kuomba msaada wa lugha nyingine. Lau kitabu hiki kingesomwa shuleni kwa nafasi inayokistahiki, ubishi mwingi kuhusu uwezo wa Kiswahili ungekwisha katika darasa la kwanza la fasihi.

Baada yake walikuja wasomi wa vyuo vikuu. Steven Feierman alitoa The Shambaa Kingdom mwaka 1974, na mwaka 1990 akatoa Peasant Intellectuals. Katika kitabu cha kwanza alikisoma kisa cha Mbega kama mhakiki wa fasihi asomavyo: hakuuliza tu iwapo Mbega aliishi, bali aliuliza kwa nini kisa kimepangwa vile, kwa nini kigego wa porini ndiye anayeleta utaratibu mjini, na nyama inabadilishana nini na utawala. Katika kitabu cha pili alishika maneno mawili ya Kisambaa, kuzifya shi na kubana shi, yaani kuiponya nchi na kuiharibu nchi, akaonyesha jinsi wakulima walivyoyatumia kupima kila mtawala, akiwamo mkoloni aliyewataka walime matuta. Hapa ndipo usomi unapofikia daraja ya juu: neno la mwenyeji limekuwa nadharia. Halikuwekwa mwishoni katika faharasa kama pambo. Limekuwa uti wa mgongo wa hoja.

Kwa upande wa Handeni, James Giblin aliandika The Politics of Environmental Control in Northeastern Tanzania, kilichotoka mwaka 1992. Hoja yake inagusa sayansi na siasa pamoja. Wazigua, asema, walikuwa na njia ya kuishi na mbung'o bila ya kuangamizwa naye: walifyeka vichaka kuzunguka vijiji, walilinda mifugo isikutane naye kupita kiasi, na matajiri wao waliweka akiba ya chakula ya kuwavusha wafuasi wakati wa njaa. Utawala wa kikoloni ulipowavunja nguvu wenye akiba, watu walitawanyika kutafuta chakula, vichaka vikarudi, mbung'o akarudi navyo, na ng'ombe wakafa. Kwa hiyo ukame wa Handeni, ambao hata leo hutajwa kana kwamba ni tabia ya mahali, una historia, na njaa ina waliosababisha.

Vitabu hivi vinne ni vizuri, na vitatu kati yake viliandikwa kwa Kiingereza. Mzee wa Handeni aliyempa Giblin maelezo yake hakupata kitabu kwa lugha aliyoyatolea maelezo. Kitabu cha Abdallah bin Hemedi kilifanya safari kinyume: kiliandikwa kwa lugha ya wasomaji wa jirani, na wageni ndio waliolazimika kujifunza ili wakifuate. Hapo pana tofauti ya adabu, si ya lugha tu.

Na sayansi je? Korogwe ina kituo cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ambacho jina lake limo katika majarida makubwa ya tiba duniani. Watafiti wake walionyesha kwamba katika vijiji vya tambarare walivyovifuatilia, kiwango cha waliokutwa na vimelea vya malaria kilishuka kutoka asilimia 78 mwaka 2003 hadi asilimia 13 mwaka 2008. Kisha, kuanzia 2009 hadi 2014, Korogwe na Bagamoyo zilikuwa vituo vya Tanzania katika jaribio la chanjo ya RTS,S, jaribio lililohusisha watoto zaidi ya 15,000 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika. Mwezi wa Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike kwa watoto wa Afrika. Ukitaka mfano wa mgeni aliyekuja na mwenyeji akapona kwa maana halisi ya neno, huu hapa.

Lakini sisi ni wahakiki wa maandishi, na lipo andishi moja katika kazi hiyo ambalo tungependa wapenzi wa lugha walitazame: fomu ya ridhaa. Kabla ya mtoto kuchomwa sindano ya majaribio, mama husomewa maelezo kwa lugha anayoielewa, naye hukubali au hukataa. Katika andishi hilo mwanasayansi analazimika kusema kwa Kiswahili chanjo ni nini, bahati nasibu ya makundi ni nini, madhara ni yapi, na kwamba mtu anaweza kujitoa wakati wowote bila ya kunyimwa matibabu. Ni nathari ngumu kuliko tamthilia nyingi, kwa sababu neno lisilo wazi linaweza kumdhulumu mtu. Nayo huandikwa, na hueleweka. Ajabu ni kwamba baada ya ridhaa kupatikana, lugha ile huagwa. Swali huulizwa kwa Kiswahili, jibu la mwisho huchapwa kwa Kiingereza.

Tuje katika isimu, ambako jambo lenyewe ni nyeti zaidi kwa washairi. Kizigua ni maarufu katika vitabu vya fonolojia ulimwenguni. Michael Kenstowicz na Charles Kisseberth walichapisha mwaka 1990 uchambuzi wa toni zake ambao wanafunzi wa isimu wa Marekani na Ulaya huufanyia mazoezi mpaka leo. Mfano wao mashuhuri ni kitenzi kulombeza, ndugu wa kuomba kwetu. Kitenzi hicho kina toni ya juu, lakini toni hiyo haikai ilipozaliwa. Husafiri hadi silabi ya pili kutoka mwisho: kulombéza, kulombezéza, kulombezezána. Kila neno linaporefuka, sauti ya juu hukimbilia mbele. Kitenzi kingine, chenye maana ya kutenda, hakina toni hiyo, na hata ukirefushe vipi hakitaipata.

Msomaji wa pwani atasema: mbona na sisi mkazo wetu uko hapo hapo, kuómba, kuombéa, kuombeána? Ni kweli, na hapo ndipo utamu ulipo. Kiswahili kimebakiwa na mkazo, ambao huangukia kila neno kwa usawa. Kizigua kinabagua: neno hili lina toni, lile halina. Ni kipimo ambacho arudhi yetu haikihesabu. Sisi tunahesabu mizani na vina. Utenzi una mizani nane kwa mishororo minne, thelathini na mbili katika ubeti. Tarbia ya mizani kumi na sita ina sitini na nne. Hizo ni hesabu zetu na tunazijivunia. Lakini mwimbaji wa Kizigua hana budi kupatanisha mahadhi ya wimbo na toni za maneno, na upatanisho huo, au ukiukaji wake wa makusudi, ni sehemu ya ufundi wake.

Kwa mwanga huo tuzisome tasnifu za fasihi simulizi ambazo vyuo vyetu vimezizalisha. Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilianzishwa mwaka 1970 na kufundisha Kiswahili kwa Kiswahili. Tangu hapo vyuo vingine vimefuata, na tasnifu za umahiri juu ya nyimbo za jando, za harusi, za kilimo, hadithi na methali za makabila yetu zimekuwa nyingi. Ni hatua kubwa, na tunaipongeza bila ya masharti: wazee wamerekodiwa, na yaliyoandikwa yameandikwa kwa lugha ambayo watoto wao wataisoma.

Hata hivyo umbo la tasnifu limekuwa kama kaida isiyovunjwa. Sura ya kwanza ni utangulizi, ya pili ni mapitio ya kazi tangulizi, ya tatu ni mbinu za utafiti, ya nne ni uwasilishaji na uchambuzi wa data, ya tano ni muhtasari, hitimisho na mapendekezo. Umbo si kosa. Tarbia nayo ni umbo, na hakuna anayeishitaki. Kosa ni pale umbo linapomzuia mwandishi asione kilicho mbele yake. Wimbo ulioimbwa na bibi usiku kucha huingia sura ya nne ukiwa mistari sita, toni zimeondolewa, tafsiri imewekwa pembeni, na chini yake pameandikwa dhima: kuelimisha, kuonya, kuburudisha. Ukiweka wimbo mwingine mahali pake dhima haibadiliki. Basi tumejifunza nini juu ya wimbo huu? Mwanaisimu alichukua toni akaacha wimbo. Mwanafasihi amechukua ujumbe akaacha toni. Bibi amegawanywa kwa vyumba viwili vya chuo kimoja, na hakuna chumba alichomo mzima.

Upande wa hisabati na sayansi hali ni nyingine, nayo ni nzito zaidi kwa sababu inamgusa kila mtoto. Mwanafunzi wa shule ya serikali Handeni au Korogwe husoma hisabati kwa Kiswahili miaka yote ya msingi. Katika miaka hiyo hupewa msamiati ambao mshairi angeuonea wivu. Namba isiyogawanyika ila kwa yenyewe na moja huitwa tasa. Namba zinazogawanyika kwa mbili huitwa shufwa, na zisizogawanyika huitwa witiri: maneno ambayo mtoto wa pwani ameyasikia katika sala ya usiku na katika Suratul Fajr kabla ya kuyaona ubaoni. Katika sehemu, namba ya chini ni asili na ya juu ni kiasi. Katika sayansi mmea hutengeneza chakula kwa usanisinuru, neno ambalo ndani yake mna nuru, na mtoto anaiona. Istilahi hizi hazikuanguka kutoka mbinguni. Zilitungwa na kusanifiwa kwa jasho la BAKITA, iliyoundwa mwaka 1967, na la TUKI, iliyotoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990.

Kisha mtoto anaingia kidato cha kwanza, na katika muda wa wiki chache tasa, shufwa, witiri, asili, kiasi na usanisinuru vyote hufungiwa kabatini. Hafundishwi hisabati mpya tu. Anafundishwa upya majina ya alizokwisha kuzijua, kwa lugha ambayo hajaimiliki. Matokeo ya kidato cha nne kati ya 2019 na 2022 yalionyesha mwaka baada ya mwaka kwamba waliofaulu hisabati walikuwa kama mmoja katika kila watano, ilhali katika somo la Kiswahili walifaulu zaidi ya tisa katika kila kumi. Hatusemi kwamba lugha ndiyo sababu pekee. Walimu ni wachache na vitabu havitoshi. Lakini anayesema kwamba lugha si sababu aeleze kwa nini Tume ya Makweta ya 1982 ilipendekeza Kiswahili kiingie sekondari, na kwa nini watafiti wa mradi wa LOITASA, ulioanza mwaka 2002 ukiwaunganisha wasomi kama Martha Qorro, Birgit Brock-Utne na Zubeida Desai, walikuta wanafunzi waliofundishwa kwa Kiswahili wakieleza zaidi na kuuliza zaidi.

Mpaka hapa msomaji wa visiwani ataafiki, kwani hoja inamwelemea Mwingereza na sisi tumekaa kivulini. Haki inatutaka tutoke juani. Mtoto wa kijiji cha Handeni anayepoteza Kiswahili anapoingia kidato cha kwanza alikwisha kupoteza kitu miaka saba kabla ya hapo. Alipoingia darasa la kwanza, Kizigua kilibakishwa nje ya mlango. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulipoichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa lugha sanifu, visiwa vyetu vilipewa heshima ambayo tunaitaja kila mara. Heshima hiyo ina deni. Tunachokililia Kiswahili mbele ya Kiingereza, Kizigua na Kisambaa vina haki ya kukilia mbele yetu.

Na deni letu kwa Wazigua lina umri mkubwa. Katika karne ya kumi na tisa, njaa ilipowapiga, wengi wao walichukuliwa kwa majahazi kutoka pwani yetu na kuuzwa utumwani Somalia. Waliotoroka walijenga vijiji kandokando ya mto Juba, na huko walikihifadhi Kizigua kwa vizazi kadhaa bila ya shule, bila ya kamusi na bila ya baraza la lugha. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia Tanzania, wakapokewa Mkuyu na baadaye Chogo, huko huko Handeni, na wengi wakapewa uraia. Walipofika walisemezana na wenyeji wakaelewana. Lugha iliyotuhimili hata tukaiuza, ikavuka bahari na kurudi, haistahiki kuachwa ife sasa katika ua wa shule kwa sababu tu hatukuona haja ya kuiandika.

Kuna wanaojibu kwamba sayansi haina kabila, kwamba mtafiti anayeandika kwa Kizigua ataongea peke yake, na kwamba tasnifu ni mtihani na si diwani. Majibu hayo yana uzito. Daktari wa Korogwe asingeweza kuisadikisha dunia juu ya chanjo kwa lugha isiyosomwa na wenzake. Hatuombi aache Kiingereza. Tunaomba asikome hapo. Ikiwa fomu ya ridhaa iliweza kuandikwa kwa Kiswahili fasaha kabla ya utafiti, taarifa ya matokeo nayo yaweza kuandikwa baada yake, kurasa kumi, ikasomwa katika kijiji kile kile alikochomwa mtoto yule. Na tasnifu kuwa mtihani si udhuru wa kutosikia. Wimbo nao ulikuwa mtihani kwa aliyeuimba.

Tuseme basi yanayowezekana bila ya kungoja sera. Kwanza, idara za isimu na za fasihi zishirikiane katika kurekodi: wimbo wa Kizigua uandikwe kwa Kizigua, toni zake zikiwekewa alama, ndipo ije tafsiri. Pili, vitabu vya Feierman na Giblin vifasiriwe kwa Kiswahili. Ni aibu kwamba historia ya Vuga na ya Handeni yapatikana Wisconsin na Pennsylvania kwa urahisi kuliko Mombo. Tatu, Habari za Wakilindi kirudi madarasani, kisomwe kama nathari ya sanaa na si kama ushahidi wa wanahistoria peke yao. Nne, majarida kama haya yetu yafungue kurasa kwa watafiti wa sayansi na hisabati watakaokubali kusimulia walichokiona kwa lugha ya watu, nasi tuwahariri kwa ukali ule ule tunaowahariri nao washairi.

La nne ndilo lililo mikononi mwetu leo. Mwalimu aliyeandika tasnifu juu ya ufundishaji wa sehemu katika shule za Korogwe ana jambo la kutuambia kuhusu asili na kiasi. Aje. Na aje pia aliyerekodi nyimbo za Handeni, mradi atuletee na toni zake.